Shangazi Anaingoja Mashine Yangu

Mpendwa Bi Faiza,

Assalaam alaykum. Naomba unisaidie, maana jambo hili hata mama sijamwambia. Kazi yangu iko Ulaya, natengeneza vifaa vya kunasa miale ya gama, tunavifukia chini ya mlima ili mionzi itokayo angani isivifikie, halafu tunangoja chembe moja ndogo ivunjike kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na huenda nikazeeka nisiione, na hayo kumweleza mtu wa nyumbani ni tabu, kwa hiyo shangazi yangu Mwatum wa Jambiani aliponiuliza kwenye simu nafanya nini hasa, nikamjibu kwa mkato kuwa kifaa changu kinaona mionzi midogo ambayo mashine za hospitali haziioni. Sikusema uongo, lakini yeye alifahamu lake.

Sasa nimekuja likizo, niko Chukwani kwa mama, nikenda Jambiani kumsalimia, hata marahaba hajaimaliza akanivuta chumbani, akafunga mlango, akafunua kanga, Bi Faiza, titi la kushoto lina uvimbe mgumu na ngozi imejikunja, anao tangu mwaka jana, amekunywa kombe la aya za Kurani, amejipaka mafuta ya habasoda, hospitali hataki kwa sababu hatovuliwa nguo na mwanamme asiyemjua. "Nnakungoja wewe, mwanangu," akaniambia. "Wenzangu wa kulima mwani nshawaambia, mtoto wangu ndiye mwenye mashine." Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Nikashindwa kumtazama, nikasema, "Tutaangalia, shangazi."

Kwenye begi nna kifaa kidogo cha majaribio, kinaenea kiganjani, kinawaka taa. Maradhi ya mtu hakiyaoni. Nafikiria nimuwekee kifuani, nimwambie kimeonesha tatizo, aende hospitali haraka. Najua atanitii. Je, uongo huu si wa kheri?

Ulfat, Chukwani

Mwanangu Ulfat,

Wa alaykum salaam. Pole sana. Kumvunja moyo aliyekulea ni mzigo, na barua yako imeniuma. Lakini huruma yangu inaishia kwenye hiyo taa yako. Usithubutu.

Ukimuwekea leo, keshokutwa wanawake wa mwani wote wako mlangoni kwa mama yako, kila mwenye uvimbe anataka taa. Utawaambia nini? Na shangazi mwenyewe, daktari akimpa habari nzito, atamuacha akurudie wewe umpime tena, kwa sababu wewe ndiye uliyemfunza kukiamini kifaa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii unataka kumpitisha mgonjwa.

Tena nikuulize, kinachokufunga mdomo ni huruma, au ni haya ya kuonekana umesoma miaka yote hiyo na huwezi kumtibu mtu? Jijibu mwenyewe. Wewe umezoea kazi ya kungoja, uvimbe haungoji.

Leo hii piga simu hospitali, uliza daktari mwanamke yuko zamu lini, wapo. Kesho asubuhi nenda Jambiani, kaa naye chini, mwambie: "Shangazi, mashine yangu haijui maradhi. Nilikueleza vibaya, nisamehe." Usiondoke hapo ukamuacha na maneno hayo peke yake. Mchukue uende naye, ingia naye ndani, umshikie kanga yake anapopimwa. Safari yako ya Ulaya iahirishe mpaka majibu yatoke.

Atakununia njia nzima, na mbele ya wenzake ataona aibu. Muache anune. Maiti hanuni.