Makofi kwa Waliopinga Utumwa

Mabela, Maskati

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu zitafuata, kwanza ujue una kaka mwenye bahati zake. Likizo nimepata, miezi miwili mizima, tiketi iko mfukoni na pasipoti nailalia chini ya mto. Madereva wenzangu wa mtaa huu wananitazama kama waziri. Basi mwambie huyo bwana harusi wako ajiandae: baba hayupo, walii wako ni mimi, na mkono wake nitaushika mwenyewe niubane mpaka ajue anaoa kwa nani.

Haya, hamjambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila roho inachemka, na sababu nakueleza.

Siku hizi nimekuwa msomi. Nasra, binti wa nyumba ninayoendeshea gari, alipewa shuleni hotuba ya kuwakumbuka watu waliopigania kuondoa utumwa Marekani. Wiki nzima ananisomea garini, Kiingereza kwanza, kisha ananigeuzia Kiswahili, maana nyumbani kwao ni watu wa asili ya Unguja.

Zuhura, wale watu walikuwa na vichwa vigumu. Mwanamke mmoja alitoroka kwa miguu, akafika salama, halafu akarudi. Alirudi kulekule kuwatoa wenzake, tena na tena. Mimi nikitoka mahali kama pale, hata kiatu nilichosahau sikifuati. Mwingine, mtumwa, alijifunza kusoma kwa kujificha, akaja kusimama jukwaani kuwasuta mabwana kwa lugha yao wenyewe. Na wako waliosusa sukari kwa kuwa imelimwa na watumwa. Hapo nikamwambia Nasra hao wamenishinda, chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria.

Jioni ya hotuba nilisimama nyuma ukumbini. Mtoto kasema vizuri, watu wakapiga makofi hadi viganja vikawasha. Mama yake analia, wanja unamtiririka. Ukumbi mzima unawapenda waliopinga utumwa, maana walikuwa Marekani na wamekufa zamani, hawamdai mtu kitu. Nikajisemea, leo ndiyo leo.

Njiani kurudi nikaanza. "Mama Nasra, harusi ya mdogo wangu imekaribia. Naomba pasipoti yangu."

"Hebu tazama njia wewe. Nshakwambia mpaka mitihani ishe. Ukenda, nani atawapeleka watoto skuli?"

"Lakini ni yangu, mama."

"Hamisi, nnakuweka kama mwanangu. Kwani nimekukosesha nini?"

"Na mwanao umemfungia pasipoti yake?"

"Iko kabati hilohilo, kwa ufunguo huohuo."

"Yeye ana miaka kumi. Mimi nina ndevu."

Nasra akacheka, kisha akauliza. "Mama, na kwetu Unguja walikuwepo watu kama wale, wa kupinga?"

Mama yake akaongeza sauti ya redio.

Sisemi mimi ni mtumwa, usije ukawatangazia watu. Mshahara napata, kuku nala, hata kofi sijapigwa. Lakini mtu ametoka kuwalilia watumwa wa watu, machozi hayajamkauka, na huku amenifungia mimi na dhahabu zake, huyo nimnyamazie? Nikazima redio. Nikamwambia, "Wale uliowapigia makofi, leo wangeingia nyumbani kwako, wangeanzia kabatini." Na asubuhi, mdogo wangu, pasipoti ikaletwa juu ya sinia la chai, na samahani mbili.

Nisalimie mama, umkande huo mguu. Nisalimie shangazi wa maandazi, na mjomba fundi baiskeli, mwambie kengele aliyoagiza nimeikumbuka. Doti zako na udi nilikwenda mwenyewe madukani Ruwi kuvinunua, atakuletea mwenzangu anayerudi Tanga wiki hii. Na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwambie apige pasi kanzu yake nyeupe.

Hapo kwa baba mdogo kalamu imenigomea. Zuhura, sinia halikuja. Pasipoti iko kabatini na tiketi sina. Baba mdogo ndiye akuozeshe, msinisubiri.

Kaka yako,
Hamisi