Nimemshusha Sauti Mtangazaji kwa Sababu ya Mke Wangu

Bi Mwanamkasi, shikamoo. Naomba unisitiri jina na unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia imamu wala ndugu yangu wa tumbo moja, na mke wangu ndiye wa mwisho ninayetaka alijue.

Mimi ni fundi sauti katika kituo kidogo cha televisheni hapa Tanga, hivi vituo vya watu binafsi vilivyoruhusiwa miaka hii, na kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme kiwandani mpaka walipotupunguza, nikakaa nyumbani Chumbageni miaka miwili, mke wangu Samira akitulisha kwa kukaanga vitumbua, na hakunisimanga hata siku moja, lakini mwanamume ukilishwa miaka miwili unabaki na kidonda, mtu akimtazama mkeo mara mbili unaona anakuja kumchukua. Nilipopata kazi hii mwaka jana tulinunua televisheni ya mtumba iliyotoka Unguja, ile ya kuzungusha sauti kwa mkono, na wiki hiyo hiyo Samira akatia alama ya rangi nyekundu ya kucha pale sauti inapotakiwa kukaa, akakataza mtu yeyote asiiguse.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Kila maikrofoni ina kitufe chake cha kusukuma juu na chini, na kuna mita yenye mshale unaopanda na kushuka kwa kadiri ya sauti. Aliyenifundisha ni Fanueli, fundi wa redio wa siku nyingi kutoka Muheza, naye alinionya nisiuamini mshale peke yake, kwani tangazo la sabuni, lenye muziki na makelele yasiyopumua, mshale wake unaweza kufika pale pale unapofika wa mtu anayesoma habari, na bado huko majumbani likawapasua watu masikio, kwa hiyo nilishushe tangazo na nimpandishe msemaji mpaka sikio likubali. Nilifanya hivyo, watu wakatazama kwa raha bila kujua kwa nini.

Miezi mitano baadaye akaja Ammar kusoma habari. Kijana wa Kipemba, mrefu, kanzu haina kunyanzi hata moja, na sauti nene ya taratibu ambayo mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, naipenda. Taarifa ya jioni hurudiwa asubuhi kwa mkanda, na saa hizo mimi niko nyumbani, majirani wanakuja kutazama kwetu. Asubuhi moja jirani yetu Nada akasema, "Huyu hata akisoma bei ya dagaa wa Kigombe mimi nasikiliza." Samira akacheka. Alicheka tu, Bi Mwanamkasi, lakini kicheko kile nilikwenda nacho kazini, na jioni ile nikakishusha kitufe cha Ammar kidogo. Kesho yake nikakishusha tena. Nilidhani watamchoka wamwache.

Kumbe nimejichongea mwenyewe. Sauti iliposhuka, wanawake wakanyamaza kimya kumsikiliza, na Samira akabeba mbuzi yake ya kukunia nazi akaja kukaa nayo mbele ya kioo kabisa, uso wake na uso wa yule bwana hata hatua moja haipo kati yao. Nada aliponyoosha mkono kuongeza sauti, Samira akaupiga: "We! Usiguse hapo. Sauti mume wangu kaiweka huko huko." Mimi nilikuwa mlangoni, natazama goti lake lilivyokigusa kioo. Mara tangazo la sabuni, ambalo jioni ile sikulishusha, likaingia kwa nguvu zake zote, mtoto wa Nada akaruka akilia, nazi ikamwagika. Na tangu hapo kila nikirudi kutoka kazini Samira ananiuliza, "Leo mbona sauti ilikuwa chini? Umechoka?" Nami najibu sijui, huku moyoni nasema, unamuulizia yeye.

Watu wakaanza kulalamika kituoni. Mwenye kituo, Mzee Himyar, akaniuliza kuna nini, nami nikamjibu, "Mshale hauinuki, mzee. Jamaa hana kifua." Basi ameamua Jumamosi amwondoe. Ammar mwenyewe anaamini anaumwa, anatafuna tangawizi kutwa, amekwenda hospitali wakamwambia koo lako zima, na juzi alinishika mkono akaniambia, "Kaka Yakoub, wewe ndo wanisikia kuliko watu wote. Hebu nambie kweli, sauti yangu ina nini?" Nikamwambia apumzike.

Nikisema kweli nafukuzwa mimi, narudi kulishwa vitumbua. Nikinyamaza anaondoka mtu asiye na kosa, na nakiri mbele yako kwamba upande mmoja wa moyo wangu unashangilia aondoke. Nifanye nini?

Fundi, Chumbageni

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitamani uwe karibu nikufinye.

Huruma ni kwa ile miaka miwili. Wanaume wengi waliopunguzwa kazini wananiandikia, na ugonjwa wao ni huo wako: mke anakaanga vitumbua kwa mapenzi, mume anahesabu kila kitumbua kuwa ni dharau. Wivu wako haukuanza na Ammar. Ulikuwa umekaa jikoni kwako siku nyingi, ukingoja mtu wa kumrukia.

Lakini huruma yangu inakomea hapo. Umemtia kijana wa watu ugonjwa asio nao. Umemwacha atafune tangawizi na kupanga foleni hospitali, huku dawa iko chini ya kidole chako. Amekushika mkono akakuomba ukweli ukamwambia apumzike! Hivi hukuona haya? Na Mzee Himyar ulimwambia uongo mtupu, tena ukausingizia mshale ambao Fanueli alikufundisha usiuamini.

Sasa tuje kwa mkeo, maana unaye mke wa kumtunza na wewe unamchunguza. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba ile alama nyekundu ilitiwa wiki mliyonunua televisheni. Ammar akaja miezi mitano baadaye. Niambie basi, miezi yote ile mitano Samira alikuwa anailindia sauti ya nani? Televisheni ilikuwa na mtu mmoja tu anayemhusu, na mtu huyo haonekani kwenye kioo. Alimpiga Nada mkono kwa sababu sauti umeiweka wewe, na kwake kuigusa ni kuiharibu kazi ya mume wake. Ulipoishusha hakuizungusha. Alibeba mbuzi yake akaifuata. Na kila siku anakuuliza kama umechoka wewe, hajauliza hata siku moja kama Ammar anaumwa. Mji mzima ulisikia mtangazaji mgonjwa, mkeo peke yake akasikia kwamba fundi ana jambo, nawe ukamjibu hujui.

Fanya hivi. Nenda kwa Mzee Himyar leo. Usijizungushe kwa maneno ya mita na mshale, mwambie ulimshusha Ammar kwa makusudi na sababu ni wivu. Mwombe mje mkae mbele ya mixa yeye, wewe na Ammar, Ammar asome, wewe upandishe kitufe, mzee asikie kwa masikio yake. Akikufukuza, umefukuzwa kwa haki, na vitumbua vya Samira havijawahi kumuua mtu. Ammar mwombe radhi umtazame machoni. Tangazo la sabuni nalo lishushe, watoto wa watu wamekukosea nini?

Wala usiniambie utasubiri kidogo. Majina yenu nimeyabadilisha yote, lakini kazi yako sikuweza kuibadilisha, barua isingeeleweka. Gazeti hili linafika Tanga kwa basi Ijumaa mchana, na ukilisoma wewe jua wenzako nao wanalisoma. Una muda wa kutembea kutoka kwa muuza magazeti mpaka ofisini kwa mzee.

Ukitoka huko nenda moja kwa moja nyumbani, umwambie Samira kabla Nada hajamwambia. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike. Kesho asubuhi taarifa ikirudiwa, kaa mlangoni pale pale uliposimama siku ile, umtazame akikuna nazi. Akiirudisha mbuzi yake nyuma, ilipokuwa zamani, ujue amekusikia.