Kina Akosua Wote

Kaka Yaw,

Habari za huko baridini? Huku Kumasi mvua imekubali, mihogo ya Mama inapendeza. Viatu ulivyomtumia vinambana, lakini havivui.

Kliniki ya macho bado naitunzia kompyuta. Mwezi wa tatu waliniambia nimwondoe marehemu Akosua Boatemaa kwenye orodha ya wanaotumiwa ujumbe waje kuchukua dawa. Kwa haraka nikaandika skripti fupi, amri ya kompyuta: kila mstari wenye Akosua, futa. Jina lake la ukoo sikuliweka. Mimi, Mwashanti mzima, nikasahau kwamba kila mwanamke aliyezaliwa Jumapili ni Akosua! Kompyuta haikuniuliza yupi.

Kaka, na Mama je? Naye ni Akosua, na dawa yake ya macho hutoka kliniki hiyo hiyo.

Miezi minne hakuitwa, wala hakuniambia. Jana nesi kaniuliza mbona kina Akosua hawaji. Nikawarudisha wote, nikakimbilia nyumbani. Simu ya Mama ikalia. Akaipapasa mezani mpaka akaipata, akanipa.

"Nisomee, Abena. Siku hizi sioni kitu."

Nikamsomea: njoo uchukue dawa ya macho.

Akacheka. "Unaona? Nilijua tu hawajanisahau."

Nimwambieje, Kaka?

Mdogo wako,
Abena