Zamu za Marehemu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua tena. Theluji imetususa mwaka huu. Nimetoka kazini macho yakiwaka. Mpango wa tabianchi wa jiji umefika toleo la kumi na tisa na bosi wangu, Jarkko, bado anahamisha koma. Angalau hesabu imetimia. Imetimizwa na pendekezo la 31, nililoandika mwenyewe: kufunga sauna zote, vile vyumba vya mvuke vilivyo chini ya majengo ya jiji, wakazi wakaoge mvuke kwenye bwawa la kuogelea. Tani arobaini za hewa ukaa kwa mwaka zitaokolewa. Zikikosekana hata kumi, tunakosa lengo. Madiwani wanapiga kura Jumatatu ijayo.

Mama anakaa kwenye jengo mojawapo. Nyonga yake haimfikishi hata kituo cha basi. Sijamwambia.

Jumatano, 6 Novemba

Ameshajua. Msimamizi wa jengo ana mdomo. Mama kanipigia simu nikiwa mkutanoni: ni nani huyo mwenye akili za kutufungia sauna? Nikasema ni kamati. Basi hiyo kamati ije iniogeshe, akasema, akakata.

Mwongo mkubwa mimi. Nimekula mkate mkavu nimesimama jikoni. Nimechoka hoi.

Jumamosi, 9 Novemba

Sauna kwa Mama, saa kumi na mbili jioni. Ndiyo zamu yetu tangu sijaanza shule. Mlangoni, kule chini, orodha ya zamu imebandikwa kama siku zote. Ofisini ninazo nakala za orodha kama hizo, za kila jengo. Ndizo nilizohesabu: kila jina, jiko la umeme la sauna linawashwa mara moja kwa wiki.

Leo nimeisoma kwa mara ya kwanza. Jumatatu saa moja: Korpela.

"Mama, Korpela si tulimzika mwaka juzi?"

"Tulimzika. Zamu yake ipo."

"Na jiko anawasha nani?"

"Sasa aliwashe nani, yeye?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanifafanulia kama mtoto: hakuna jirani anayemfuta mtu mlangoni. Saa yake inaachwa. Jiko linabaki baridi, na hakuna anayeigusa saa hiyo.

Nikapitisha kidole. Karibu nusu ya wenye majina hawapo duniani. Na pale Jumamosi saa kumi na mbili: Tauno na Helvi, Baba na Mama. Baba ana miaka mitatu kaburini. Kila wiki napita mlango huo, halafu nikaenda kuwahesabu marehemu kama watu wanaotumia umeme! Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Ndani, kwenye mvuke, nikamwambia: ile kamati ni mimi. Akamwagia mawe ya jiko maji, kata nzima. Baadaye akaniuliza kama nimekuja na taulo.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya Akina Baba hapa kwetu. Tumempelekea mshumaa makaburini.

Mchana nikawapigia wasimamizi sita. Kote ni vilevile. Tani arobaini zimekuwa ishirini na mbili, labda pungufu. Nikampigia Jarkko. Tuulikki, nakuomba, akasema. Miaka minne ya kazi. Lengo likikosekana, wale wasioutaka mpango watautupa wote — mabasi, majengo, kila kitu. Marehemu hawatalalamika.

Si mtu mbaya. Na kuhusu wale wasioutaka, anasema kweli. Hicho ndicho kinachoniumiza. Nimeandaa karatasi mbili, kila moja na hesabu yake.

Jumatatu, 11 Novemba

Ukumbini mwa baraza la jiji. Naandika pembeni mwa ajenda.

Mama amekuja! Kwa teksi, na nyonga ile. Alinisubiri kwenye ngazi, akanipa orodha kutoka mlangoni, gundi ingali kwenye pembe. Amewafuta kwa kalamu na rula: Korpela, dada wawili wa ghorofa ya tatu, na marehemu wengine.

"Sasa hesabu yako itakuwa ya kweli," akasema.

Jina moja la marehemu hakuligusa. Tauno.

"Huyo mhesabu. Jiko lake naliwasha mimi."

Akapanda juu kwenye viti vya wananchi, ngazi moja moja. Hakutaka nimshike.

Jarkko amekaa kulia kwangu. Naye hakulala, inaonekana. Karatasi ya tani arobaini ameiweka juu ya orodha ya Mama, taratibu, bila kunitazama. Ile ya ishirini na mbili iko chini ya kiwiko changu.

Pendekezo la 30 limepita. Mwenyekiti anatafuta miwani. Nimetazama juu: Mama amevaa koti la kanisani.

Naitwa. Naweka kalamu chini, nachukua ile ya ishirini na mbili.