Karatasi Niliyokusomea Chini ya Kalvati

Fundi Elia,

Sijui mtu huanzaje kumwandikia mtu aliyemuua. Watu wa hapa hawasemi kwamba nilikuua. Wanasema ulikufa kwa haraka zako, na mimi ndiye niliyewasomea hayo maneno. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu wewe huwezi kuniambia ninyamaze.

Saiti ya barabara inaendelea. Slabu la zege lililokuangukia walilivunja kwa nyundo, vifusi wakavimwaga kwenye njia ya mchepuko, na malori ya chakula cha kambi ya wakimbizi ya Nduta yanapita juu yake kila siku. Helmeti yako alipewa kibarua mwingine siku ya tatu. Walifuta jina lako kwa thina, likabaki "Eli", na sasa wenzake wanamwita hivyo kwa utani. Hata mimi nilicheka. Nataka ulijue na hilo.

Mafunzo yangu ya vitendo yamekwisha. Mwalimu alikuja kutoka chuoni, akakaa saa moja, akasoma ripoti yangu, akanipa A. Aliisifu hasa sura ya usalama kazini.

Siku ya kwanza nilishuka kwenye gari la kampuni na kizibao kipya chenye mikunjo ya dukani, binti wa mwenye duka wa Kasulu, Kiha changu cha salamu tu. Ulipiga makofi kama mnavyosalimiana, ukasema, "Mwakeye, Injinia," na mafundi wote wakacheka. Nilidhani unanikejeli. Lakini hukuacha kuniita hivyo, hata siku niliyopima kina cha msingi nikazidisha nusu mita. "Injinia katuchimbia kisima," ulisema, kisha ukanisaidia kufukia kabla bosi hajafika. Wewe zege ulijifunzia Mtabila, enzi za kambi, ukimwaga vibamba vya vyoo vya wakimbizi. Ulikuwa ukilichota kiganjani, ukilifinya, na kusema kama maji yamezidi. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya vitabu na hilo sikuliweza.

Siku ya kumwaga slabu la kalvati la pili, lile daraja dogo la kupitishia maji chini ya barabara, saruji ilipungua. Lori lilikuwa limekwama kwenye utelezi, na bosi, yule injinia wa saiti, hakutaka kazi isimame. Mifuko michache iliyokuwepo ikalazimishwa kutosha. Wewe uliona. Ulisema, "Huu uji mwepesi," ukaambiwa umwage. Kisha bosi akaniita pembeni. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kujaza kyubu, vile viboksi vya chuma vya zege la kupimia. Baada ya siku saba zege hilo hupondwa kwenye mashine, ndipo watu wajue kama lililoko juu lina nguvu. Aliniambia nisichote kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege. Nichanganye langu kwenye karai, niongeze koleo mbili za saruji. "Kila saiti inafanya hivi, Zuhura. Umekuja fildi kujifunza mambo yalivyo."

Nikachanganya. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilishindilia kwa ile fimbo ya chuma tabaka kwa tabaka, na kesho yake nilipofungua viboksi nilijivunia jinsi pande zilivyotoka laini. Kwenye kitabu changu cha mafunzo nikaandika kwamba zege limechotwa kwenye mikisa. Bosi akasaini.

Majibu yakatoka mazuri, yangekosaje? Bosi akataka mirunda iliyoshikilia slabu itolewe mara moja ikatumike kalvati la tatu, akanituma kwako na karatasi. Nilikukuta chini ya slabu. Uligonga zege kwa nyundo mara tatu, ukatega sikio, ukasema, "Injinia, hili bado bichi." Nikakuonyesha karatasi. Ukasema namba zetu huzijui, nikakusomea. Nikasema, "Limefaulu, Fundi. Mashine haidanganyi." Vibarua walikuwa wanatutazama na niliona aibu kusema nilichofanya. Haikuwa hofu ya bosi, ilikuwa aibu tu. Wewe ukatabasamu. "Ego, sawa, kama umepima mwenyewe." Ukawatoa vibarua nje, ukaingia peke yako. Ulipogonga mrunda wa tano, slabu likashuka lote.

Ilituchukua mpaka alasiri kukutoa. Siandiki zaidi ya hapo, siwezi.

Msibani bosi alinipa rambirambi za kampuni nisome, akasema sauti ya binti inafariji. Nikasimama karibu na jeneza lako nikasoma kwamba marehemu alitoa mirunda bila kuagizwa, na kwamba vipimo vilionyesha zege ni imara. Nilisoma vizuri, sikukwama hata mara moja. Mzee wa kanisa naye akahubiri kwamba haraka haraka haina baraka, watu wakatikisa vichwa. Mkeo alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuja. Aliniletea ugali wa muhogo na maharage, akakaa nami mpaka nikamaliza sahani.

Kampuni ikatoa saruji ya kujengea kaburi na mimi nikapewa kusimamia. Ungelifinya zege lile, Fundi, usingeona kasoro. Mifuko ilitosha, maji yalipimwa, mchanga ulichekechwa. Kwenye barabara yote hii sijaona zege lililochanganywa vizuri kama la juu ya kifua chako.

Jana asubuhi nilikwenda kwa mkeo kumwambia. Alikuwa anapukuchua maharage. Nilimweleza yote: karai, koleo mbili, karatasi. Nilingoja anipige, hakunipiga. Alisema, "Nilijua Elia hana haraka. Hata chakula alikuwa anachelewa kula." Halafu akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Akasema basi iishie hapo. Bosi amemchukua Samweli, mdogo wako, akamweka kwenye nafasi yako, na watoto wako wote wanamtazama yeye. Nikifungua mdomo, Samweli atafukuzwa. "Wewe mwanangu utarudi chuo," alisema. "Sisi tule huo ukweli wako?"

Nikamwahidi kunyamaza. Na nilifurahi, Fundi. Nilitoka uani kwako mwepesi kabisa, nimeungama na sidaiwi kitu.

Wakati wa kurudi nilipita saiti kuchukua buti zangu. Walikuwa wanamwaga slabu la kalvati la tatu. Kando ya mikisa alichuchumaa mwanafunzi mpya, aliyekuja baada yangu, anachanganya zege lake peke yake kwenye karai. Bosi amesimama nyuma yake. Samweli alitoka chini kwenye mirunda, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza, kwa kuwa mimi nimesoma, kama vipimo vya huyu mgeni vitakuwa vya kuaminika. Nilikuwa nimetoka kumwahidi shemeji yake. Nikamjibu ndiyo, vya kuaminika.

Hii ni mara ya pili nasema uongo uleule, kwa ndugu wa tumbo moja.

Siku saba zinaisha Jumamosi ijayo. Leo Jumapili nimeketi nyumbani kwetu, mama yangu anauza dukani na kunisifia kwa wateja kwa ile A. Kesho napanda gari kwenda Kibondo, ofisi ya msimamizi wa mradi, na kitabu changu cha mafunzo mkononi. Nitawaambia waziache kyubu, watoboe slabu lenyewe la kalvati la tatu wapime. Nitawaambia nani alijaza zile za kalvati la pili. Chuo watanifukuza, na polisi sijui watanifanyaje.

Msamaha sikuombi. Ungenipa haraka mno, nakujua, na ningeondoka tena nikiwa mwepesi.

Buriani, Fundi wangu. Nakuahidi hili: Samweli hatatoa mrunda hata mmoja chini ya slabu lile. Atakosa kazi kwa ajili yangu, mkeo atanilaani mbele ya watu, na wanao watalala njaa. Lakini watakuwa wanamlilia njaa baba mdogo aliye hai.

Zuhura