Siku Tulipocheza kwa Ajili ya Nyumba

Dada yangu Mwamini,

Nakutumia salamu ndefu kama reli inayotoka hapa Kindu mpaka huko kwenu Kalemie, na katika kila kituo nasimama kuuliza. Magoti ya mama yanaendeleaje? Dagaa wamerudi ziwani? Na mdogo wetu Ramazani, siku hizi anaamka mwenyewe, au bado ile pombe kali ya lotoko ndiyo inayomwamsha? Mimi ni mzima. Mvi zimezidi, hasira haijapungua. Barua hii sikuipa posta, anakuletea shemeji yetu anayefanya kazi kwenye treni. Ukishaisoma, washia jiko.

Uliniuliza kama umlete Ramazani kwenye nyumba yetu ya wagonjwa wa pombe na wa akili. Nilichelewa kujibu kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa haijui kama itaishi.

Ni ghala la zamani la mpunga, ng'ambo ya mto, Alunguli. Asubuhi ukungu wa mto unaingia madirishani, na watu wanatembea ndani yake polepole, kama wanaotembea chini ya maji. Kuna siku navuka kwa mtumbwi nikiwa sina hakika kama nimeamka. Wako wachimbaji wa madini waliotoka Kalima na mikono inayotetemeka. Yuko Mama Feza, aliyezika watoto wake wote kisha akanyamaza. Hasemi na mtu, lakini ukikaa karibu naye atakushika mkono, na atakuachia akitaka yeye.

Tunaoiongoza hatulipwi kitu. Daktari Kasimba anakuja akitoka hospitali, bado ananuka dawa. Mama Salima ni mkuu wa shule, Lukusa ni mwanasheria, na mimi, mwalimu wa historia, kazi yangu ni kugombana. Nimegombana sokoni na wanaomfunga mgonjwa kamba kwenye nguzo na kuiita hiyo dawa. Nimegombana na wasomi wenzangu wanaosema mlevi ajilaumu mwenyewe, na wanasema hivyo huku chupa ya bia iko mezani.

Nyumba ina desturi moja. Asubuhi wagonjwa wanasimama duara, na kila mmoja anasema, "Leo naacha," kisha anataja kitu chake. Kesho haitajwi kabisa. Sisi viongozi tunasimama pembeni, tunasikiliza.

Basi akaja mkubwa wa Chama kutoka ofisi ya zone, koti lake la abakosi limenyooshwa kama karatasi.

"Citoyens, wananchi, hii nyumba iko ya nani?"

"Ya wagonjwa," Mama Salima akajibu.

"Hapana, mama. Katika Zaire kila kitu njo cha Chama. Mutoto angali tumboni, tayari iko mwanachama."

"Na wenye wazimu pia?" nikauliza.

"Hata wao," akasema, wala hakucheka. "Hata wewe, mwalimu."

Alitaka siku ya sikukuu ya Chama nyumba ilete kikundi cha animasyo uwanjani, kicheze na kumsifu Kiongozi kama wanavyocheza watu wa reli na walimu. Tusipocheza, ghala linarudi kwa serikali ya zone, liwe stoo ya saruji.

Dada, unanijua. Nilisema afadhali nyumba ianguke kuliko wagonjwa wetu watingishe viuno mbele ya jukwaa la walioshiba. Lukusa akatafuta kifungu cha sheria. Daktari akasema kelele za ngoma zitawarudisha nyuma wagonjwa. Mama Salima akanitazama juu ya miwani yake.

"Mwalimu, weye unatafuta kushinda. Miye natafuta pahali watalala."

Tulibishana wiki nzima kwa Kifaransa, mlango tumeufunga ili wagonjwa wasisikie. Huo ndio ugonjwa wetu sisi wenye diploma: tunamwamulia mtu maisha yake, yeye yuko nje ya mlango. Tulipoufungua, uwanja wa nyumba ulikuwa unacheza. Ukuta wa ghala ni mabati, na neno animasyo halihitaji mkalimani. Wachimbaji walikuwa wamegeuza pipa kuwa ngoma, wanawake wamefunga vikwembe kiunoni, na katikati Mama Feza ameshikana mikono na mtu huku na mtu kule, anayumba taratibu kama mtumbwi uliofungwa.

Amisi, mchimbaji mmoja wa Kalima, akaniita. "Mwalimu, siye tuko tunajifunza. Nyiye mumalize maneno."

"Nyiye muende," nikasema. "Miye siendi. Siwezi kumwimbia yule."

"Unafikiri lotoko tuliiacha kwa sababu hatuipendi?" Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. "Hasira yako njo lotoko yako, baba. Hatusemi uiache milele. Simama kwa duara, uiache leo."

Jioni ile nilivuka mto bila kugombana na mtu, na wewe unajua hilo halijanitokea mara nyingi.

Asubuhi ya sikukuu niliingia kwenye duara. Nikasema, "Leo naacha hasira," na hakuna aliyenipigia makofi, kwa sababu pale hatupigiani makofi. Tukavuka mto. Sikumbuki vizuri jinsi tulivyofika uwanjani. Nakumbuka vumbi jekundu, ngoma za watu wa reli, na mkono wa Mama Feza ndani ya mkono wangu. Mistari yetu ilipinda kama mto wenyewe. Watu wote wakalipuka kwa wimbo wa kumsifu Kiongozi, na hapo ndipo nikasikia sauti ndogo kando yangu. Mama Feza alikuwa anaimba. Haukuwa wimbo wa Chama. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto alale, aliuimba tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaanza tena. Nikaimba pamoja naye. Kule jukwaani yule mkubwa aliona midomo yetu inachezacheza, akaridhika.

Ghala tumeachiwa. Mama Feza amenyamaza tena, lakini sasa akikushika mkono anaimba ule wimbo kidogo, mdomo umefungwa.

Kwa hiyo mpandishe Ramazani kwenye treni. Usimwahidi kwamba atapona, wala usimlishe kiapo. Mwambie tu asubuhi atasimama duara, na kaka yake atasimama karibu naye, maana mimi nami siku hizi nasimama pale. Mara nyingi jioni hasira imesharudi. Kesho yake nasimama tena.

Nibusie mama magoti yote mawili. Msalimu mumeo, na mwambie bado ninambishia kwa mbali. Shangazi anayeamini waganga mwambie sijabadili mawazo juu yao, lakini dua zake nazitaka. Watoto wako nawakumbuka wakiwa wadogo, ingawa najua wamekua.

Ukungu umeanza kupanda kutoka mtoni. Ngoja nivuke kabla haujaificha ng'ambo.

Ndimi mdogo wako mwenye mdomo,
Asumani