Nusu Yangu ya Doti

Maskati, Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi,

Nakubusu mkono wa kulia, na wa kushoto pia kama bado hujanikasirikia. Kifua chasemaje? Ile dawa waliyokupa hospitali unainywa, au umeiweka dirishani kama pambo? Mie mzima, alhamdulillahi, ila miguu yafura kwa kusimama dobini kutwa, na joto la huku ni joto lisilo na adabu. Kwetu jua likizidi watu hulisema. Hapa hawasemi kitu, hujifungia ndani na viyoyozi vyao.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya pale dukani husikilizwa na mtaa mzima. Tena kwenye simu wewe hulia, na mimi sijui kubishana na mtu anayelia. Barua utaisoma mpaka mwisho, upende usipende. Basi nikwambie mapema usije ukahangaika: uliniambia nipige magoti, mama, na sikupiga.

Naanza mwanzo, maana barua hii ataisoma na mdogo wangu Mwanakombo, naye hajui lolote. Hoteli yetu hapa Qurum ilikuwa ikingojea wageni wa meli. Ni meli kubwa ya matembezi, inazunguka Afrika ikifuata njia ya wale Wareno wa kwanza, kwa kuwa mwaka huu imetimia miaka mia tano tangu wapite kwetu wakienda India kutafuta pilipili. Kwao ni sikukuu. Wakubwa wa hoteli wakaamua kuwafanyia wageni mchezo wa kuigiza bustanini, mbele ya bahari, kuonyesha Mreno alivyopokewa pwani yetu. Na Waafrika wa hoteli ni sisi, tena hatujai meza moja.

Meneja wa karamu, Mzungu mmoja mwembamba mwenye haraka hata akiwa ameketi, akashuka dobini kututazama mmoja mmoja. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mombasa. Lo, akafurahi. Akasema basi mimi ndiye mwanamke wa ufuoni. Kazi yangu nipige magoti mchangani na sinia la machungwa, nahodha achukue chungwa moja, anitupie kitambaa mabegani, nami niinamishe kichwa kushukuru. Kisha watu wapige makofi, wakale. Nguo yangu ilikwishashonwa: kipande cha kitambaa chenye madoa ya chui, bega moja wazi. Mama, Mombasa walivaa chui lini? Hata chui mwenyewe hatujamwona.

Nikamwambia kwa heshima kwamba sitaweza. Naye, kwa heshima vilevile, akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi, na kwamba yeye ni mmoja wa wanaoulizwa nani abaki na nani aende kwao. Akatabasamu, akaondoka. Ndipo nilipokupigia wewe, nawe ukaniambia, "Magoti ya mchezo hayo, mwanangu. Yapige, inuka, jipanguse mchanga."

Najua kwa nini ulisema vile. Mwanakombo bado yuko shuleni na wewe kifua hakikuachi. Sikulaumu. Lakini nilipoweka simu nilihisi kama nimekosea nambari, nimezungumza na mama wa mtu mwingine.

Aliyepewa ufalme wa Malindi katika mchezo huo ni Kazungu, mpishi wetu wa mikate, Mgiriama wa Malindi hasa. Tunapendana na kutukanana kama ndugu. Nilimkuta jikoni akijaribu joho lake mbele ya mlango wa jokofu. Nikamwambia nyinyi watu wa Malindi kazi yenu ni ileile tangu zamani, mgeni hajashuka mmeshampa na rubani wa kumpeleka India. Akanijibu bila kugeuka kwamba ndiyo, na kwao Mreno aliwasimamishia nguzo ya ukumbusho, na sisi wa Mombasa tuliotuma watu waogelee wakakate kamba za nanga za Mreno tulipata nini? Akarudi na mizinga akautia mji moto. "Mmepata nini, Mishi?" akaniuliza. Nikamwambia tumepata jina. Mji wetu waitwa Mvita, mji wa vita, wake waitwa nini? Akacheka, akanikatia mkate wa moto. Lakini swali lake lilinikaa, maana ni kweli, mama, mji uliungua, na wewe uliniambia nipige magoti kwa kuogopa moto huohuo.

Siku ya mazoezi meneja akatueleza maana ya mchezo. Akasema Wareno walifungua bahari, wakaunganisha ulimwengu, biashara yote ya leo mizizi yake ni pale. Mie nikawa najiuliza, hiyo bahari ilikuwa imefungwa na nani? Babu zetu walikuwa wakienda Hindi na Arabuni na kurudi, na hakuna aliyewasimamishia nguzo. Kisha akanigeukia mimi na kitambaa chake mkononi, akasema hata neno hili leso mnalolipenda sana ni zawadi ya Wareno, amesoma. Sawa. Hata mimi nilifundishwa hayo shuleni. Leso ni yao, na meza, na mvinyo, na gereza pia, ambalo wanasema kwao lilikuwa kanisa, lilipofika kwetu likawa nyumba ya kufungia watu. Nilirudi chumbani kwangu nikafungua sanduku.

Unaijua leso niliyoitoa. Mwanakombo hakijui kisa chake, msimulie. Baba alipofariki, shangazi alikuja matangani akakaa. Matanga yakaanuliwa, akakaa. Arubaini ikapita, yuko. Akawa yeye ndiye wa kutupimia mchele na wa kukwambia wewe ukae wapi katika nyumba uliyoijenga na mumeo. Hukugombana naye hata neno moja. Ulitoka ukaenda Biashara Street, ukarudi na doti ya leso, ukaipinda, moja ukaifunga kiunoni na nyingine ukajitanda, ukapika nayo, ukafagia nayo, ukamwandikia shangazi chai nayo. MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Juma halikwisha shangazi akakumbuka kwamba ana kwake Likoni. Nilipokuja huku uliikata ile doti, ukanipa kipande kimoja, kimoja ukabaki nacho. Ukasema doti haikatwi mpaka watu wapendane.

Bi Zuwena, msimamizi wetu, aliniona naipiga pasi. Huyu ni Mmanga wa Unguja, Mwarabu wa asili ya huku, amezaliwa mtaa wa Malindi kulekule Unguja, alikuja huku msichana, na Kiswahili chake kitamu hata akikugombeza. Akaisoma ile leso, akanisoma na mimi. Akasema, "Mishi, nnakwambia mapema, mimi siwezi kukukinga. Mkubwa wangu ndo mkubwa wako." Nikamwambia sikuomba kinga. Nikataka kumchekesha, nikasema tena leso hii haimtazami Mreno peke yake, Bi Zuwena, maana si babu zenu watu wa hapa Maskati waliokuja Mombasa kutusaidia kumfukuza Mreno, kisha na wao wakasahau kurudi kwao? Akacheka kweli. Halafu kicheko kikakatika, akawa anakunja foronya. "Sie tulipewa zaidi ya jembe, mwanangu," akasema. Wazee wake walitoka Unguja wakati wa Mapinduzi na nguo walizovaa tu. Nikamsaidia kukunja.

Siku ikafika. Wageni wamejaa bustanini, wazee wa Kizungu wengi wao, na meza nyingine za Waomani wa serikalini na wake zao, na katika hao wanawake si wachache wanaozungumza Kiswahili majumbani kwao. Kazungu kaketi chini ya mwavuli na joho lake, mfalme kamili. Nahodha wa mchezo ni mgeni mmoja wa Kireno, mzee mnene, kavishwa kofia ya manyoya inayomteremkia machoni. Mie nikatokea na sinia la machungwa. Nimevaa gauni langu jeusi la sikukuu, na leso yako nimejifunga juu yake, jina lake, yale maandishi, limekaa wazi kiunoni. Chui wao nilimwacha dobini kwenye ndoo.

Nikaenda mpaka mbele ya yule mzee, nikasimama. Akangoja. Nami nikangoja. Kwa upande namwona meneja ananionyesha kwa kiganja, chini, chini. Sikufichi, mama, ningeyakunja magoti kidogo tu mambo yote yangekwisha. Kule kwenye meza za wake wa Waomani nikasikia mtu anasoma polepole, mgeni, siku, mbili, kisha kicheko cha kuzibwa na kiganja, kisha kingine.

Meneja akaona mambo yanamharibikia, akashika kipaza sauti. Akasema, tazameni vazi zuri la pwani, lina maandishi, na Bi Zuwena wetu atatueleza maana yake. Bi Zuwena alikuwa amesimama karibu na mlango. Akanitazama. Akasema kwa Kiingereza, imeandikwa, karibuni wageni wetu. Watu wakapiga makofi.

Mwanamke yule aliniokoa, mama, na mkubwa wake anamtazama. Nilikuwa nimekwisha kupona. Makofi yalipotulia ningempa mzee chungwa lake, nirudi dobini, mkataba wangu uendelee. Lakini nikakuona wewe na ufagio, na shangazi kwenye kiti cha baba, na nikajua nikinyamaza hapo nitakuwa nimepiga magoti nikiwa wima.

"Sivyo," nikasema, kwa sauti ya kusikika. Nikawaambia kwa Kiingereza changu hikihiki kwamba Bi Zuwena ana adabu kunishinda, kilichoandikwa ni mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Na kwamba kwetu Mombasa yule mgeni wa kwanza alikaa miaka mia mbili na jembe hakulishika.

Yule mzee akavua kofia, akajifuta jasho, akanitazama sana. Kisha akaanza kucheka, tumbo zima. Akasema mamake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mgeni na samaki siku ya tatu hunuka. Akaniuliza, "Na mimi leo siku yangu ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikamwambia. "Chukua chungwa."

Akalichukua mwenyewe, mkononi mwangu, nimesimama na yeye kasimama. Kile kitambaa cha kunitupia mabegani akakikunja, akakiweka kwenye sinia. Kazungu, mfalme wa Malindi, akapiga makofi kabla ya watu wote.

Usidhani hadithi imeishia kwa makofi. Kesho yake meneja aliniita. Akasema niwaombe radhi wakubwa mbele ya wafanyakazi wote, niseme nilikosa adabu kwa wageni wa hoteli, na mkataba utafikiriwa. Nikamwambia machungwa yalitolewa, mgeni alicheka, chakula kililiwa. Kilichokosekana ni magoti yangu tu, nayo hayakuandikwa kwenye mkataba. Akasema khalas, yamekwisha. Nami nikasema khalas.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu natoka hapa. Kazungu mkataba wake umeongezwa, na sina kinyongo naye. Kila asubuhi nakuta mkate umening'inizwa mlangoni kwangu, nasema Malindi imeanza kulipa kodi. Bi Zuwena alininunia, haki yake, kisha jana akaja. Ana dada yake anayekaa Mawaleh, karibu na soko la mboga, ana duka la kushona nguo za harusi na anataka fundi. Hoteli ikikubali kuniachilia nibadilishe mdhamini wa kibali changu cha kazi, nitashona. Ikikataa, wataniweka kwenye ndege, na utaniona mlangoni na sanduku langu. Sijui litakuwa lipi. Usiku huogopa, nakwambia kweli. Ila sijajuta, wala usiniombee nijute.

Ndiyo, mama, leso ni neno la Mreno, na kitambaa cha kwanza huenda alikileta yeye. Lakini maneno yaliyoandikwa juu yake ni yetu, tuliyaandika wenyewe, na wewe ndiye uliyenifundisha kuyasoma.

Nisalimie Mwanakombo, asome kwa bidii na asijifunze mdomo wangu mpaka amalize mtihani. Nisalimie ami yetu fundi saa, mwambie saa aliyonipa yaenda mbele, hapa kila mtu aniona mwenye haraka. Bi Rukia jirani, wa mbaazi na mahamri, mwambie huku wapika mahamri, lakini ya kulia njaa tu. Na shangazi wa Likoni msalimie kwa moyo safi. Mwambie jembe lake tumemwekea.

Nusu yangu ya doti nimeifua leo, imeanikwa hapa mbele yangu, rangi haijatoka. Yako ipo chini ya sanduku la nguo za baba, najua. Itoe. Ifunge uende nayo sokoni, mtaa ukuone. Kisha uniandikie, mamangu, unijibu swali moja tu. Siku ile ulipoifunga mbele ya shangazi, na sisi wadogo na nyumba haina mwanamume, ulikuwa umepiga magoti?

Ni mimi mwanao, ninayekushika miguu wewe tu,

Mishi